Nzi Hawakumhukumu Feza

Mama yangu uliyenizaa,

Naandika nikiwa mzima wa mwili, na naomba nawe huko Mushaki uwe umeamka vizuri, ukungu wa macho usiwe umezidi, na ng'ombe wawe bado wanarudi wote jioni. Huku Ulaya, Norvège, baridi imeanza tena, navaa soksi mbili-mbili kama mgonjwa. Nasikia kwenu mvua imelaza maharage kule mteremkoni, na kwamba barabara inapitika kidogo siku hizi. Mungu asaidie ibaki hivyo hadi wageni wetu warudi kwao.

Najua husomi barua hii mwenyewe. Nimemwomba Chantal, binti ya shangazi, ashuke Goma aichape, aifunge kwa gundi, na asimpe mtu kabla hamjakaa. Basi sasa mmekaa. Kaka Janvier ameishika karibu na dirisha. Wewe Mama uko kwenye kiti cha marehemu Papa, baba wadogo wako ukutani, na upande wa mlango wako wazee wa Feza, mke wa Kaka, kutoka Mpofi kule Walikale, waliokuja kuambiwa kosa la binti yao. Ndiyo desturi yetu: mke wa mtu akirudishwa, wakubwa wake wanaitwa, wanapewa viti, na kosa linatajwa mdomo wazi mbele ya pande zote mbili. Wazee wangu wa Mpofi, nawasalimu kwa heshima. Poleni na njia. Kama chakula kimeshaiva, kuleni kwanza, maana baada ya hapa hakuna atakayekuwa na hamu.

Mama, ni wewe uliyeomba barua. Kwenye simu ulisema, "Solange, audio haitoshe. Bale bantu ba Mpofi ni babishi. Utuandikie karatasi, utie na kashe ya labo, baone kama ni maneno ya docteur." Karatasi ndiyo hii. Muhuri haina, na nitakwambia kwa nini haina. Kaka, tafadhali, soma kila neno, polepole, kama ulivyokuwa unasoma Zaburi kanisani wakati ule wasichana wote walikuwa wanakutazama.

Muhuri haina kwa sababu mimi si docteur. Sijawahi kuwa. Labo, maabara ninayofanyia kazi, ina madocteur sita, na mimi ni mpishi wao. Tena si mpishi wa hao madocteur, ni mpishi wa nzi wao. Kila Jumatatu nachemsha sufuria kubwa ya unga wa mahindi, sukari na chachu, natia kitu cha kugandisha, namimina kwenye chupa mia na zaidi, na nzi wanataga humo. Mwanamke wa Masisi amekimbia vita, amelala kambini Uganda miaka mitano, amepandishwa ndege tatu, ili aje kupika uji wa wadudu. Nikimaliza uji, naosha chupa. Nikimaliza chupa, nawalaza nzi kwa gesi, nawatenga wake na waume kwa brashi ndogo, na wasiohitajika nawamwaga kwenye chupa ya pombe wafe. Hiyo ndiyo elimu yangu.

Neno docteur lilianza na ile picha. Nilivaa koti jeupe, kwa sababu huku hata anayefagia analivaa, nikakaa mbele ya mikroskopi, mwenzangu akanipiga picha. Ukaipeleka kanisani, Mama, na kina mama wakapiga vigelegele. Jumapili iliyofuata ulinipigia ukaniita "Docteur wetu", na sauti yako ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu Papa afe. Ningeweza kusema hapana. Nilicheka tu. Lilikuwa tamu, Mama, nisikudanganye, lilikuwa tamu sana, na kila aliponiita hivyo mtu mwingine wa ukoo nilikuwa nazidi kunyamaza. Ningenyoosha neno hilo siku ile, Feza angekuwa sasa hivi anawapakulia wageni chakula. Hilo ni langu, nalibeba.

Sasa nieleze nzi wenyewe walisema nini, maana mmewasingizia nao.

Ni wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva na mitungi ya kasiksi, pombe ya ndizi. Mkubwa wangu wa kazi, mama mmoja mwembamba asiyejua kucheka, amewachunguza tangu ujana wake. Siku moja nilimuuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu anamaliza maisha yake akipasua matumbo ya nzi, akakaa akanieleza, na niliyoelewa ni haya. Kila kiumbe kina ndani yake maandishi marefu sana. Mzazi anamwachia mtoto, na mwili wa mtoto unajengwa kwa kuyafuata. Lakini katikati ya maandishi hayo kuna vipande visivyotulia. Kimoja kinajikata pale kilipo, kinahama, kinajibandika kwingine. Kingine kinatoa nakala yake, nakala inahamia mbele na chenyewe kinabaki. Havimuulizi mwenye shamba. Ni kama mtu ang'oe kibanda chake akisimike katikati ya maharage yako: yeye amepata pa kulala, na wewe maharage huna tena. Kipande kikitua ndani ya maandishi ya rangi ya jicho, jicho linapoteza wekundu wake. Nimewaona kwa macho yangu, nzi wenye jicho lililopauka lenye madoa mekundu, na kila doa ni mahali ambapo kipande kimehama tena na rangi imerudi.

Sasa ile sehemu iliyotuletea balaa. Kuna nzi wa porini, waliokamatwa juzi-juzi kwenye matunda. Hao wamejaa kipande kimoja cha aina hiyo. Na kuna ukoo wa nzi wa chupani, ambao mababu zao walikamatwa zamani, kabla kipande hicho hakijaenea. Hao hawanacho. Ukichukua mume wa porini na mke wa chupani, wanazaa. Kaka, rudia hilo neno: wanazaa. Watoto wanatoka wengi, wazima, mabawa mazuri. Lakini wakikulia kwenye joto, na mimi ndiye ninayewasha hicho kisanduku cha joto, vipande vya baba vinaanza kurukaruka ndani ya mbegu za watoto na kuzikatakata. Watoto wakishakua, ni tasa. Ukimpasua binti, pale ambapo mayai yangekaa unakuta vinyuzi viwili vilivyonyauka.

Ukigeuza, ukaweka mke wa porini na mume wa chupani, watoto wanakua na wao wanazaa bila shida. Sababu ni kwamba mama aliyekwisha kukaa na kipande hicho anatia kwenye yai vijumbe vidogo sana, vinavyokitambua na kukinyamazisha. Mama ambaye hajawahi kukutana nacho hana cha kutia. Si roho mbaya. Hakujua kama kuna kitu cha kujikinga nacho.

Haya nilikutumia kwa audio tano, Mama, kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika. Ya kwanza ilikuwa salamu. Ya pili ilisema mke asiye na kinga kwenye mayai, watoto wake wanatoka tasa. Ya tatu ilisema kosa si lake, kilichoharibu kimetoka kwa baba. Ya nne ilisema hao wawili wenyewe wanazaa vizuri. Ya tano ilisema watu si nzi. Wewe ulisikiliza mbili, ukamrudishia Chantal simu ukasema inatosha. Tena ile ya pili ukaiomba ichezwe mbele ya kina mama wa kanisa, ichezwe mbele ya baba wadogo, hadi na muuza mkaa akaisikia. Chantal aliniambia ulivyosema. "Munasikia? Docteur mwenyewe amesema. Bibi ya Walikale haiko na kinga mu mayayi. Njo maana miaka sita mutoto haiko." Neno Walikale halikuwa mdomoni mwangu, Mama. Ulilitoa kwako.

Feza mlimweka chini, kwenye mkeka, ninyi mkiwa kwenye viti. Mlimchezesha sauti yangu. Mimi sijawahi kuonana na Feza uso kwa uso, lakini kwa miaka sita ni yeye aliyepanda na wewe kilimani kila Jumapili kutafuta mtandao, akakushikia simu sikioni kwa sababu mkono wako unatetemeka, na ukimaliza ananiambia, "Dada, usiwaze, Mama anakulaka muzuri." Sasa alisikia sauti ileile ikimwita tasa. Mlimwambia aondoke Jumanne, si Jumapili, ili watu wasijae barabarani. Chantal anasema asubuhi hiyo Feza alifagia kwanza uwanja, akakupashia maji ya kuoga, ndipo akajitwika godoro lake.

Kutoka kwenu hadi Mpofi kuna Masisi mjini, kuna Nyabiondo, halafu kuna msitu na matope, na kuna vizuizi vya wenye bunduki ambavyo sihitaji kuwaelezea. Alitembea siku tano. Godoro lilibaki kwenye kizuizi cha pili, vitenge kwenye cha tatu. Sitaandika mengine yaliyobaki huko. Wazee wake walioko hapo mlangoni wanayajua, waliuona mwili wake ulivyofika. Na maneno yenu yalikuwa yamemtangulia kwa simu, kwa hiyo alikuta ndugu wa kijana aliyekuwa anamchumbia mdogo wake wameshakuja kujitoa. Walisema hawawezi kuchukua binti kwenye ukoo wa mayai mabovu, docteur wa Ulaya amethibitisha. Binti ana miaka kumi na tisa. Nimemharibia maisha bila kumjua jina.

Sasa, Mama, wewe unapenda sheria ya nzi. Tuifuate hadi mwisho, tusiishie audio ya pili. Wewe ni mtu wa Mushaki, babu zako wamezikwa kwenye mlima huo. Papa alitoka Walikale akaja kufundisha shule, akakuoa. Mume mgeni, mke wa pale pale. Mkazaa, kama nzi wangu wanavyozaa. Watoto wawili, Janvier na mimi. Kwenye chupa zangu, mke si tasa. Tasa ni mtoto wake. Kwa hiyo kwa sheria yako mwenyewe tasa ni sisi wawili, na mama aliyetaga yai bila kutia kinga ni wewe. Mimi sina mtoto hadi leo na hakuna aliyewahi kuniweka kwenye mkeka, kwa sababu mimi ni docteur.

Umesikia inavyochoma? Feza amekaa nayo miezi miwili. Wewe kaa nayo mpaka Kaka ageuze ukurasa.

Ni uongo, Mama. Watu wa Mushaki na watu wa Mpofi si chupa mbili. Nilimuuliza mkubwa wangu waziwazi, akanitazama kama niliyelewa kazini. Hakuna kitu kama hicho kati yenu. Lakini nilitaka ukionje kwanza ulimini, maana wewe hukuwahi kusema tu "samahani" kwa jambo ambalo halijakuuma mwenyewe. Nakupenda, na nakujua.

Salamu nazitoa hapa katikati, kwa sababu mwishoni hakuna atakayetaka kusalimiwa. Nimsalimie baba mdogo mkubwa, aliyenibeba mgongoni siku tulipokimbia mara ya kwanza, na mke wake anayeuza fromage, jibini ya kwetu, kando ya barabara. Nimsalimie shangazi, mama ya Chantal, na mguu wake. Nimsalimie Chantal mwenyewe, asilaumiwe kwa lolote, alifanya alichoambiwa afanye. Nimsalimie Papa katekista wa Mpofi, mjomba wa Feza, ambaye sijawahi kumwona lakini tumeongea mara nyingi mwezi huu.

Papa katekista, ile nakala Chantal aliyokupa kwa siri, iliyo kwenye mfuko wa koti, itoe sasa. Ufuate kwa kidole. Kaka akiruka mstari, umrudishe.

Kaka Janvier, sasa ni wewe. Endelea kusoma.

Kabla ya mvua kuanza ulinitumia picha ya karatasi ya hospitali ya Goma. Chini yake uliandika, "Docteur, unisomee, bameandika nini?" Sikuweza kuisoma. Kusema siwezi ilikuwa aibu, basi nikaipeleka kwa mkubwa wangu kama naomba kitu kidogo. Aliitazama muda mfupi tu. Nikakupigia jioni ileile.

"Ni Feza njo iko na shida?" uliniuliza.

"Hapana, Kaka. Ile karatasi ni yako. Bameangalia mbegu, hamuna hata moja."

Halafu ukasema, "Solange, usimuambie Mama. Unipe wakati. Nitasema mi mwenyewe."

Nikakubali. Lakini Mama alikuwa anazidi kumsumbua Feza, na mimi nikaona nimtayarishe Mama taratibu, ajue kwamba mtoto asipopatikana si lazima mwenye shida awe mke. Kumwambia wazi niliogopa. Nikapitia kwa nzi. Hiyo ndiyo sababu ya zile audio tano, Mama: nilikuwa natafuta njia ya kukuambia ni Janvier, na woga wangu ndio uliokupa kisu. Na wewe Kaka ulikuwemo ndani ya nyumba walipochezesha ile ya pili. Ulikuwa umesimama hapo hapo dirishani uliposimama sasa. Karatasi ilikuwa kwenye jalada la Biblia yako. Ulisikia mke wako anahukumiwa kwa mdomo wa dada yako, ukajua ni uongo wewe peke yako kati ya watu wote, ukatazama nje. Jumanne ulimbebea godoro hadi barabarani, na majirani wakasema mume mwema kama huyo hapatikani.

Kunywa maji. Wazee watakungoja.

Mama, usimpigie kelele. Kumlea mwanamume ambaye akiogopa anamsukuma mwanamke mbele, hilo tulifanya sote, wewe na mimi. Wazee wa Mpofi, kosa la binti yenu mlilokuja kuambiwa ni hili: hana. Naomba lisemwe hapo kwa sauti na baba mdogo mkubwa, kisha mpewe mtu wa kuwasindikiza hadi kwa wale waliomkataa mdogo wake, awaeleze kwa mdomo wake kwamba hakuna docteur, kuna mpishi wa nzi.

Limebaki moja, na hili Kaka hulijui. Nimelizuia hadi hapa makusudi.

Feza alikuwa anajua. Wiki mbili kabla hamjamweka mkekani aliifuta vumbi Biblia yako, karatasi ikaanguka. Aliipeleka kwa mwuguzi mmoja asiyewajua, akamsomea. Akairudisha kwenye jalada, akaiweka kama ilivyokuwa. Alipokaa mbele yenu hakulia, na Mama ukasema ni kiburi. Hakikuwa kiburi. Alikuwa anakungoja wewe, Kaka, useme. Mimi aliponiambia kwa simu ya mjomba wake nilitaka kusema siku ileile, akanikataza, akasema ataibeba hiyo aibu mwenyewe, yeye ameshazoea. Aliniruhusu tu kwa sababu ya mdogo wake. Nikamuuliza, ukweli ukijulikana, Kaka akija Mpofi akapiga magoti, utarudi? Jibu lake nililiandika huku akiongea, nisilipunguze wala nisiliongeze.

"Dada, sirudie kule. Haiko juu eti hazalake mutoto. Ningekaa naye vile vile mpaka tuzeeke, na bantu baseme ni mimi, ningekubali. Kama angeniomba tu, mi na yeye, usiku mu nyumba, ningekubali. Hakuniomba. Aliniangalia mu macho, akaacha bakanifukuza."

Ni mimi, mtoto wako wa mwisho,
Solange.